Dakika Nne Ambazo Kompyuta Haikuziona

Kwenye sherehe ya kuniaga, Mkurugenzi alisimama mbele ya keki akasema Mama Tupo amefanya kazi bila doa. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa natafuna, na mtu mwenye keki mdomoni hawezi kumkatiza bosi, kwa hiyo uongo ule ukapita hivi hivi. Naandika kurasa hizi ili ninyi mliobaki pale redioni Mlandege mjue doa liko wapi. Najua wengi wenu mtasoma aya mbili kisha mrudi kwenye simu zenu. Hao sikuwaandikia.

Kazi ya sauti nilianzia Mbeya, kwenye duka la kaseti pale Uhindini, nikiwa binti aliyemaliza kidato cha nne kwa alama ambazo hazihusiani na habari hii. Mwenye duka alikuwa Babu Ramesh, Mhindi aliyezaliwa Mbeya hapo hapo na aliyekijua Kinyakyusa cha sokoni kuliko baadhi ya binamu zangu. Kazi ilikuwa kurudufu kaseti za kwaya. Siku ya kwanza nilimpa cheti changu, hakukitazama. Alitazama vidole vyangu.

"Kata kucha," akasema. "Hedi ya deki haipendi kucha."

Nikaenda kukata. Niliporudi alinipa pamba na spiriti, nikasafisha hedi, vile vichwa vinavyosoma utepe, za deki sita mpaka saa sita mchana. Wiki nzima sikugusa kitufe cha kurekodi. Nyinyi mkipewa kompyuta saa mbili, saa tatu mnajiita mainjinia.

Dharau niliyo nayo nimeirithi kwake, siwezi kukana. Kwaya ikija kujigamba kwamba imerekodi Dar es Salaam, alisikiliza kidogo, akavua hedifoni, akauliza kwa upole, "Hivi kipaza sauti kilikuwa chumba kimoja na ninyi?" Lakini alikuwa na desturi moja ambayo hakuivunja hata akiwa mgonjwa. Hakuna kaseti iliyotoka dukani kabla ya mmoja wetu kuisikiliza hadi mwisho, pande zote mbili. Mteja mwenye haraka aliambiwa aende kwanza sokoni akanunue ndizi. "Mwanzo kila mtu anasikiliza," alikuwa akisema. "Sisi tumewekwa hapa kwa ajili ya mwisho."

Kaseti zikapitwa na wakati, zikaja CD, nazo zikapitwa. Duka likafungwa, Babu Ramesh akahamia kwa binti yake, mimi nikaolewa Iringa na kuajiriwa kwenye redio hii ya kanisa, ambayo siitaji jina kwa kuwa wanaosoma hapa wanaingia mlango wake kila asubuhi. Nilipewa chumba cha maktaba ya sauti: makabati ya kaseti za kwaya, kompyuta moja iliyokuwa ikihema, na kiti chenye miguu mitatu mizima.

Nilikuta kila mtu ana imani yake kuhusu bitireti, na zote zilikuwa za kijinga. Bitireti ni kiasi cha biti ambacho faili la sauti linapewa kila sekunde ili liihifadhi sauti hiyo. Ukilipa biti nyingi linakuwa kubwa na sauti inabaki safi. Ukilinyima linakuwa dogo, na matoazi yanaanza kulia kama dagaa kwenye mafuta ya moto. Hilo tu. Si uchawi. Lakini kulikuwa na mtangazaji mmoja wa kipindi cha jioni, ambaye leo ni mtu mzima mwenye familia kwa hiyo namsitiri, aliyekuwa akichukua wimbo wa kilobiti sitini na nne, yaani biti elfu sitini na nne kwa sekunde, ulioharibika zamani, anaugeuza kuwa wa mia tatu na ishirini, kisha anatangaza hewani kwamba ameusafisha. Nilimuuliza zile biti za ziada amezijaza nini. "Ubora," akanijibu. Ubora! Alikuwa ameongeza maji kwenye chai akaiita maziwa.

Mkurugenzi naye alirudi kutoka semina na waraka. Kila faili la redio, liwe wimbo, liwe mahubiri, liwe salamu za wasikilizaji, lipewe kilobiti mia na ishirini na nane, lisizidi wala lisipungue. Sababu aliyoandika ilikuwa usawa. Alilitamka neno hilo kikaoni kana kwamba biti ni wananchi wanaodai haki zao.

Mwenye akili hapakui mwiko ule ule kwa mtoto wa mwaka mmoja na kwa mtu aliyetoka kulima. Ndiyo maana ipo bitireti inayobadilika. Programu ya kubana sauti inasikiliza kwanza. Pale mhubiri aliponyamaza ili watu watafakari, inatoa biti chache kabisa. Pale sauti nne za kwaya zinapoingia pamoja na ngoma na kinanda, inamimina. Faili zima linatoka dogo kuliko lile la usawa wa Mkurugenzi, na ukilisikiliza ni bora zaidi. Nilibana maktaba yote kwa njia hiyo, kwaya baada ya kwaya, nikitoa sauti kwenye kaseti zenyewe, kwa miezi mingi, bila kumwambia mtu. Mkurugenzi hakugundua. Angegundua vipi? Alikuwa akiyatumia masikio yake kuvalia miwani.

Njia hii ina udhaifu mmoja, na Iringa nzima hakuna aliyeujua kuliko mimi. Faili la usawa kulipima ni rahisi: unajua ukubwa wake, unajua biti za sekunde moja, unagawanya, unapata urefu. Faili linalobadilika haligawanyiki hivyo. Kwa hiyo mwanzoni mwake huwekwa kibandiko kidogo kisichoonekana, kinachoiambia kompyuta urefu wa kweli. Kibandiko kikikosekana, kompyuta ya kijinga inatazama biti za sekunde ya kwanza, inadhani faili zima liko vile, inagawanya. Na ile yetu ya kurushia vipindi ilikuwa ya kijinga kweli kweli.

Sasa nije kwenye matangazo ya vifo. Mnajua yalivyo: saa saba mchana mkoa mzima unanyamaza. Hata walio na simu tatu mfukoni wanafungulia redio, maana simu inampigia mtu mmoja na msiba ni wa ukoo. Msomaji wetu alirekodi majina asubuhi, mimi nikaunganisha mbele yake kile kipande cha ufunguzi, kinanda cha taratibu kilichotumika miaka yote. Kwa majivuno yangu sikukubali kuibana sauti mara ya pili, kwa sababu kila ukibana kuna kitu kinapotea. Nilikuwa naunga vipande viwili vilivyokwisha kubanwa, kama fundi anavyounga mabomba. Kile kibandiko cha mbele kilikuwa kinataja urefu wa kinanda peke yake, kwa hiyo nilikiondoa, na cha kwangu sikuweka. Kompyuta ikawa inakisia. Kwa bahati, kinanda kile na sauti ya msomaji vilikuwa vinakula biti zinazokaribiana, basi ikawa inakisia karibu na ukweli. Bahati hiyo mimi niliiita ufundi.

Kisha Mkurugenzi akataka ufunguzi mpya. Kinanda, alisema, kinawahuzunisha wasikilizaji. Matangazo ya vifo! Akaleta tarumbeta, ngoma na matoazi, makelele ya kufungulia mechi ya mpira. Nikasonya, nikayaunga mbele ya majina ya marehemu, nikaenda kula.

Tarumbeta zile zilikula biti nyingi tangu sekunde ya kwanza. Kompyuta ikadhani msomaji naye atakula hivyo hivyo hadi mwisho, ikagawanya, na matangazo ya dakika kumi na mbili yakaandikwa kwenye skrini kuwa dakika nane. Niliiona hiyo nane kwa macho yangu. Nilimshukuru Mungu kwamba vifo vimepungua.

Ilipofika dakika ya nane, kompyuta iliishusha sauti ya msomaji polepole, kwa adabu zote, ikapandisha kipindi cha kilimo. Msikilizaji angejuaje? Alidhani majina yamekwisha. Waliopiga simu kuuliza waliambiwa na mapokezi kwamba ni mtandao, kwa sababu kwa watu wa mapokezi hata mvua ni mtandao. Majina yalisomwa kwa jinsi yalivyopokelewa, kwa hiyo waliokatwa walikuwa wa mwisho, wale waliotupigia kutoka mbali. Ikaendelea hivyo siku tisa. Siku zote tisa sikusikiliza mwisho hata mara moja, mimi mwanafunzi wa Babu Ramesh.

Siku ya kumi, asubuhi, akaja mtu wa makamo, amevaa koti la mvua wakati jua linawaka, mkononi ana redio ndogo iliyofungwa na mpira wa baiskeli. Mapokezi walimleta kwangu kwa kuwa hawakujua pa kumpeleka.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, kaka. Karibu ukae."

Hakukaa. Alisema anaitwa Luka Kihwele, anakaa Idodi, analima mpunga. "Nina swali dogo tu, mama. Kaka yangu Yohana amefariki kule Mgololo, wamemzika bila mimi. Nimepata habari kwa dereva wa lori, kaka yangu ameshalala chini. Laini yangu ya simu nilibadilisha, hilo kosa langu. Lakini shemeji anasema alitangaza kwenu. Na mimi redio hii naisikilizaga kila siku saa saba, nikiwa shambani naitundika. Sikusikia. Nimeenda Mgololo tumegombana, wazee wanasema mmoja wetu ni mwongo. Mimi najijua. Sasa nataka kujua kama ni shemeji, ili nisikanyage tena mlango wake wala watoto wake wasije kwangu."

Nilimpeleka kwa Mkurugenzi, kwa kuwa ndio utaratibu. Mkurugenzi alifungua kompyuta, akatafuta tarehe, akamgeuzia skrini kama hakimu. Pameandikwa: imerushwa kikamilifu.

"Unaona, mzee? Logi haidanganyi. Mama Tupo, andika barua kwamba tangazo lilirushwa, saini, tumpigie muhuri aende nayo."

Mnaelewa barua ile ilikuwa inasema nini. Ilikuwa inasema shemeji ni mkweli na Luka ndiye mwongo, mtu aliyempuuza kaka yake wa tumbo moja, halafu akaenda kumtukania mjane nyumbani kwake. Na mimi kalamu ilikuwa mkononi. Nilikuwa nimeshaandika tarehe. Kompyuta imesema imerushwa, faili nimeliandaa mwenyewe, na mimi si mtu wa kukosea, basi mzee huyu alisinzia. Hivyo ndivyo nilivyowaza, na naona aibu kuandika.

Luka hakubishana. Aliitazama ile skrini muda mrefu, akaigeuza redio yake mikononi.

"Labda nilisinzia, mama," akasema. "Siku hizo jua lilikuwa kali."

Nikaiweka kalamu mezani. Mtu anayesema uongo hajitafutii kosa. Nilimwambia Mkurugenzi asubiri.

"Sasa unabishana na sistimu?" akauliza.

"Nataka kusikiliza mwisho," nikamjibu.

Nilirudi na Luka kwenye chumba changu cha maktaba. Nikalifungua faili la siku ile, siyo kwenye kompyuta ya kurushia bali kwenye ile yangu inayohema, nikatazama saa ya ukutani. Zikapiga tarumbeta, Luka akashtuka. Yakaja majina. Dakika ya tano, ya sita, ya saba. Ilipofika dakika ya nane msomaji aliendelea kusoma, na mimi nikaitazama tena saa ya ukutani. Dakika ya tisa anasoma. Dakika ya kumi anasoma, bila haraka, kwa ile sauti yake nzuri ambayo Iringa nzima haikuisikia siku hiyo. Kisha:

"Mama Neema Kihwele wa Mgololo anasikitika kutangaza kifo cha mume wake mpendwa, Yohana Kihwele. Mazishi yatafanyika kesho saa nane mchana nyumbani kwa marehemu. Habari ziwafikie ndugu na jamaa wote, na zaidi habari zimfikie mdogo wa marehemu, Luka Kihwele, aliyeko Idodi. Anasubiriwa."

Luka alikaa kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Rudisha hapo," akasema.

Nikarudisha.

"Walinisubiri," akasema. Akalia bila kujificha, na mimi nikamtazama tu, maana sikuwa na haki hata ya kumpa kitambaa. Alipomaliza alijifuta kwa mkono wa koti. "Shemeji hajadanganya. Na mimi sijasinzia. Sasa nani amekata?"

Mkurugenzi alikuwa amesimama mlangoni. "Ni hitilafu ya kiufundi," akasema haraka.

"Hitilafu ya kiufundi ndiyo mimi," nikasema.

Nilimweleza Luka yote, tarumbeta, kibandiko, biti zinazobadilika. Alinisikiliza kwa uvumilivu kuliko wakaguzi wowote waliowahi kuja pale. Mwisho akasema, "Mimi hayo ya biti siyajui, mama. Mwambie shemeji."

Akanipa namba. Nikapiga, nikaweka spika. Nilijitambulisha, nikamwomba asikilize, nikacheza tangazo lake kwenye simu. Lilipofika kwenye jina la Luka nilisikia akivuta pumzi.

"Shemeji," Luka akasema, "nimesikia sasa hivi. Kabla ya sasa hivi halikusikika. Wamelikata."

Kisha Mama Neema akasema, "Tulilichelewesha jeneza tunakungoja wewe. Nimekutukana mbele ya watoto."

"Na mimi nilikutukana."

"Huyo aliyekata yuko hapo?"

"Ni mimi, mama," nikasema. "Pole sana. Nisamehe."

"Pole yako niipeleke wapi?" Hakupandisha sauti. "Mwezi ujao tunajengea kaburi. Uje na shemeji yangu. Ulisome tangazo langu pale, lote, kwa mdomo wako. Na usilete kompyuta."

Siku ile ile niliketi na mafaili ya siku tisa nikayasikiliza hadi mwisho, nikaandika kila jina lililokatwa, na kesho yake yakasomwa upya. Mkurugenzi alisoma mwenyewe tangazo la kuomba radhi, lenye maneno "changamoto" na "maboresho", na halikuwa na mtu ndani yake. Nilimwomba nitajwe jina. Alisema haitaleta picha nzuri. Nilirudisha kibandiko kwenye kila faili nililounga, na kuanzia hapo mpaka nastaafu, saa saba nilikaa na hedifoni mpaka jina la mwisho. Nyinyi mlinicheka, mkasema Mama Tupo anaogopa wafu. Chekeni. Bitireti inayobadilika bado ni bora kuliko usawa wa Mkurugenzi, sijabadili neno. Ila nilikuwa hodari wa kudharau ujinga wa wenzangu, na wangu nikawa naupa jina zuri.

Mwezi ulipofika nilimkuta Luka stendi, tukapanda basi pamoja. Mgololo kulikuwa na baridi na harufu ya kiwanda cha karatasi, na ukungu ulikuwa haujaondoka kwenye misonobari. Mafundi walikuwa wamepanga matofali, wanawake wanachota maji. Watoto wa marehemu walimwamkia baba yao mdogo kwa aibu kidogo, kisha mmoja akaja kumpokea mfuko. Mama Neema, mwanamke mfupi mwenye uso usiotaka maneno, alinisalimia kama anavyosalimiwa mgeni yeyote. Akanipa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ile ile aliyoisoma kwenye simu siku ya msiba, ina mahali pamefutwa na kuandikwa tena.

Kazi ikasimama. Watu wakasogea. Mimi ambaye nimefanya kazi ya sauti maisha yangu yote sikuwahi kusoma chochote mbele ya watu. Nilisoma kifo cha Yohana. Nilisoma siku na saa ya mazishi, ingawa vyote vilikuwa vimepita na kila mtu pale alijua. Niliwasoma ndugu na jamaa wote, neno kwa neno, bila kuruka.

"Na zaidi," nikasoma, "habari zimfikie mdogo wa marehemu, Luka Kihwele, aliyeko Idodi. Anasubiriwa."

Luka alikuwa upande wa pili wa kaburi, ameshika koleo lenye saruji. Akaliweka chini, akavua kofia.

"Zimenifikia," akasema.